Barua Isiyotaja Kosa

Jioni moja ya mwezi uliopita, baada ya sala ya magharibi, mama mmoja jirani yetu hapa Jericho, Nairobi, alinijia mlangoni na karatasi iliyokunjwa katika pindo la kanga yake, akanitaka nimsomee upya barua ambayo mwanawe alikwisha kumsomea mara mbili, kwa kuwa moyo wake ulikataa kusadiki kwamba barua iliyotoka chuo kikuu, yenye muhuri na sahihi na nambari ya jalada, ingeweza kumtoa kijana darasani pasina kumwambia alilolitenda. Niliisoma polepole, mstari baada ya mstari, naye akiniangalia midomo. Na mama yule hakuwa amekosea. Barua ilisema kwamba kijana amesimamishwa masomo kwa sababu ya mwenendo usiolingana na kanuni za chuo, kwamba asionekane katika viwanja vya chuo mpaka atakapoitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na kwamba siku ya kuitwa atajulishwa. Siku ya kosa haikutajwa, wala mahali, wala aliyelalamika, wala kanuni yenyewe iliyovunjwa.

Sikuweza kumwambia kwamba jambo hili ni geni kwangu. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani katika ofisi ya msajili wa taasisi moja ya elimu ya juu ambayo sitaitaja, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao vya nidhamu, vya wanafunzi na vya wafanyakazi kadhalika. Barua za namna ile nilizipiga chapa kwa mikono yangu mwenyewe, na nyingine nilizipiga asubuhi ya siku ambayo mtuhumiwa angeletwa mchana kujitetea, hukumu yake ikiwa imekwisha kuandikwa na kuachiwa nafasi ya tarehe tu. Naliyatenda hayo kwa kuwa niliagizwa, na nayasema leo kwa kuwa yangali yakinikaa rohoni. Kwa hiyo nisomwe kama shahidi, na dai langu ni hili: chuo kinachopokea malalamiko, yawe ya mwanafunzi juu ya mhadhiri au ya mkuu wa idara juu ya mpishi, kina wajibu wa kumweka mchunguzi asiye na mkono katika shauri lenyewe, na wa kumweleza kila upande, kwa lugha anayoifahamu, linalosemwa juu yake, na lililoamuliwa, na sababu ya kuamuliwa hivyo.

Marehemu mwalimu wangu wa chuoni kule Pumwani (nasema chuoni kwa maana ya wazee, pale ambapo neno chuo lilikuwa kitabu kabla ya kuwa jengo) alikuwa akitufundisha kwamba Mtume, alipomtuma Sayyidna Ali kwenda Yemen kuwa kadhi, alimuusia kwamba wakikaa mbele yake wagomvi wawili asikate shauri mpaka amemsikia wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Mwalimu alikuwa akikaa sana juu ya maneno hayo ya mwisho, kama alivyomsikia wa kwanza, akasema kwamba kusikia kwenyewe kuna daraja zake, na mtu aweza kuketishwa, akaulizwa, akajibu, na bado akawa hakusikiwa. Na sisi Waswahili tunalo neno insafu, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni ndugu wa neno nusu. Kana kwamba waliolitumia kwanza waliona kuwa haki ni kumpa kila mmoja nusu yake ya masikio ya hakimu, isipungue.

Wakazi wa Eastlands, mitaa hii yetu, tuna sababu ya pekee ya kuyatafakari haya, kwa kuwa mtu aliyeyaonja mambo ya tuhuma kwa kila upande wake, chini na juu, alikuwa mbunge wa huku kwetu. Dkt. Josephat Njuguna Karanja alikuwa mwanafunzi wa Makerere mwaka 1952, wakati wanafunzi wa chuo kile, ambacho ndicho kilichokuwa kilele cha elimu katika Afrika Mashariki nzima, walipogoma kwa sababu ya chakula walichokuwa wakipewa. Na uongozi wa chuo ukawafukuza wachache waliohesabiwa kuwa vinara, miongoni mwao akiwamo Abu Mayanja wa Uganda na huyo Karanja wa Kenya. Kufukuzwa Makerere zama zile kulikuwa karibu na kufungiwa mlango wa maisha, kwa kuwa mlango wa pili haukuwapo hapa nyumbani. Na waliopata njia nyingine waliipata ng'ambo, kwa juhudi na kwa bahati. Karanja aliipata. Alisoma India na Marekani, akarudi na shahada ya udaktari, akawa Balozi wa Kenya mjini London, na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliposimama peke yake baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, yeye ndiye aliyekuwa Makamu wa Chansela wake wa kwanza, akakaa katika kiti hicho hadi 1979. Kijana aliyefukuzwa amekuwa mwenye kalamu ya kufukuza.

Na ni katika miaka yake ndipo Ngũgĩ wa Thiong'o, mwalimu wa fasihi katika chuo hicho, alipochukuliwa na polisi mwishoni mwa Desemba 1977, akawekwa kizuizini takriban mwaka mzima pasi na kushitakiwa mahakamani kwa kosa lolote, na alipoachiwa Desemba 1978 hakurejeshwa kazini. Sisemi kwamba Karanja ndiye aliyeamua hayo, maana amri ya kizuizini ilitoka serikalini. Nasema kwamba chuo kilichokuwa na maprofesa wa sheria na wa falsafa kilimpoteza mwalimu ambaye hakupata kuambiwa amekosa nini, na kikaendelea na ratiba yake.

Kisha gurudumu likazunguka tena. Karanja aliingia Bungeni akiwa mbunge wa Mathare, na mwezi Machi 1988 Rais Moi akamteua kuwa Makamu wa Rais. Haukupita mwaka mmoja na nusu kabla ya kuanza maneno, kwanza juu ya mkubwa fulani asiyetajwa jina, kwamba ana kiburi, kwamba anataka watu wampigie magoti, kwamba ana mambo yake na watu wa nchi jirani; na mwezi Aprili 1989 mbunge wa Embakasi, David Mwenje, jirani yake wa mpaka, akawasilisha hoja ya kutokuwa na imani naye. Karanja alisimama akakana yote. Lakini ni nani aliyekuwa amechunguza? Shahidi gani alikula kiapo, na hati gani iliwekwa mezani? Wale wale waliomtuhumu ndio waliopiga kura, na tarehe 1 Mei 1989 akajiuzulu. Nilikuwa kijana wakati huo, na nakumbuka katika mabaraza ya Majengo watu wakiliona jambo lile kama pigano la wakubwa lisilotuhusu. Leo nikilikumbuka naona lilituhusu sana, maana utaratibu uliomwangusha Makamu wa Rais ndio ule ule unaomwangusha mtoto wa muuza mboga: lalama isiyo na mwenyewe, tuhuma isiyo na tarehe, na waamuzi ambao ndio walalamikaji.

Ipo na namna nyingine ya kukwepa uchunguzi, nayo ni kuwaadhibu wote. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Na katika miaka iliyofuata, kila vyuo vilipofungwa, wanafunzi walipelekwa makwao na kutakiwa wajiandikishe kwa machifu wao, aliyerusha jiwe na aliyekuwa maktabani wakipanga foleni moja. Hata sasa, vurugu zikitokea, hutoka ilani kwamba kila mwanafunzi atalipa kiasi fulani cha fidia ya vioo na viti kabla ya kuruhusiwa kurudi. Mzazi wa Kayole au Dandora hulipa, kwa mkopo wa chama au kwa kuuza cherehani, kwa kosa ambalo hakuna aliyethubutu kusema kwamba mwanawe amelitenda. Kumtoza asiye na hatia kwa kuwa kumtafuta mwenye hatia ni kazi ngumu ni dhuluma, na haiwi adili kwa kuwa imegawanywa sawasawa.

Sheria, alhamdulillahi, haikosekani. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani, katika shauri la wanafunzi watano waliokishitaki Chuo cha Egerton, ilitoa kwa kinywa cha Jaji Nyarangi kauli ambayo mawakili wangali wakiirejea hadi leo: kwamba mahakama haina hamu ya kuendesha vyuo vikuu, lakini itaingilia kati kuutangua uamuzi wowote unaodhihirika kuwa umetolewa bila mhusika kusikizwa kwa haki. Kauli hiyo ilitolewa katika miaka ambayo kusema hivyo hakukuwa kwepesi. Miaka 20 baadaye Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 47, ikampa kila mtu haki ya kutendewa na wenye madaraka kwa haraka ipasayo, kwa mujibu wa sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki, na akiathirika, kupewa sababu kwa maandishi. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kukitekeleza kifungu hicho imefafanua hata zaidi: mtu apewe taarifa mapema yenye kueleza hatua inayokusudiwa na sababu zake, apewe nafasi ya kusema, aonyeshwe ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, aweze kuwahoji wanaomshuhudilia, aambiwe kwamba anayo haki ya kukata rufani. Barua ya mama wa Jericho haikutimiza hata moja kati ya hayo. Nami nilipoisoma niliitambua mara moja, neno kwa neno, kwa kuwa ni barua ile ile tuliyokuwa nayo sisi katika kabati; hubadilishwa jina na nambari ya usajili, basi.

Kwa nini basi yaendelea? Jibu langu, baada ya kukaa katika vyumba hivyo muda mrefu, ni kwamba wengi wa wanaoketi katika kamati si watu waovu. Ni watu waliochoka, wenye mihadhara ya kutoa na mitihani ya kusahihisha, ambao huletewa jalada lililokwisha kutayarishwa na askari wa chuo au na idara iliyokosana na mtu yule, nao hulisoma njiani wakija mkutanoni. Mwamba ngoma huvutia kwake, walisema wahenga. Na jalada nalo huwambwa. Aliyeandika taarifa ya kwanza ndiye aliyechagua nani aulizwe na nani asiulizwe, na mara nyingi mtu huyo huyo huketi katika kamati kama katibu au mjumbe, akaeleza kwa kinywa yale ambayo hakuyaandika, baada ya mtuhumiwa kutolewa nje. Nimeyaona hayo si mara moja. Na mtu akikata rufani, rufani humwendea mkubwa aliyetia sahihi barua ya kumsimamisha. Laiti ningepewa kubadilisha jambo moja tu katika vyuo vyetu, ningebadilisha hilo: anayepokea lalama asiwe anayechunguza, anayechunguza asiketi penye kuhukumu, na mtuhumiwa akitoka nje, mlalamikaji na mchunguzi watoke pia.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yote ni ya kumtetea mkosaji, na kwamba anayesahauliwa ni aliyekosewa. Hasha. Aliyekosewa ndiye anayeumizwa zaidi na uchunguzi mbovu. Mtazame binti aliyepeleka malalamiko kwamba mhadhiri anamtaka kimapenzi na amezuia alama zake. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhesabu mwenye madaraka anayemsumbua mtu hivyo, mara kwa mara na hali akijua hatakiwi, kuwa mhalifu astahiliye kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Ilhali chuoni lalama ya binti huenda kwa mkuu wa idara, ambaye ni rafiki wa mhadhiri, naye humwita mhadhiri faraghani na kumwonya, na jioni ile ile mhadhiri ana jina la binti. Baada ya hapo kimya. Hakuna anayemwambia binti kama lalama yake imekataliwa au imekubaliwa au imelazwa. Mhadhiri naye, akiwa hakutenda, hubaki na uvumi mgongoni ambao hakuna kikao kilichomwosha nao. Wote wawili wamedhulumiwa na kimya kimoja.

Makerere, baada ya kashfa ya 2018 ambapo mfanyakazi wa ofisi alituhumiwa kumdhalilisha mwanafunzi aliyekwenda kushughulikia vyeti vyake, iliunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale ili kuchunguza kanuni zenyewe na utendaji wake. Na baadaye chuo kikaweka orodha ya watu 100, kutoka vitivo na ofisi mbalimbali, ambao miongoni mwao huteuliwa wachache kuchunguza kila lalama ya namna hiyo inapotokea. Sidai kwamba Makerere imekwisha kutibu maradhi. Lakini wazo la orodha lanipendeza kwa sababu linamnyima mkuu wa idara uwezo wa kuchunguza nyumba yake mwenyewe, na linafanya iwezekane, katika jamii ambayo kila mmoja amesoma na mwenziwe au ameoa kwao, kumpata mtu ambaye hana deni kwa upande wowote. Vyuo vya Nairobi, vilivyokaribiana hivi kwamba mtu aweza kuvizunguka vingi kwa nauli ya matatu, vingeweza hata kuazimana wachunguzi.

Ama wafanyakazi, hapo ndipo moyo wangu ulipo hasa, kwa kuwa wapishi na wafagiaji na walinzi wa vyuo vya mjini wengi wao hulala huku kwetu, Kaloleni na Makongeni na Mukuru, nao hutoka alfajiri wakiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuulizwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamlazimu mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu katika lugha anayoifahamu, na amruhusu aje na mfanyakazi mwenziwe au mwakilishi wa chama chake. Lugha anayoifahamu! Maneno machache, na laiti yangefuatwa. Nakumbuka mzee mmoja wa jikoni, mtu wa makamo aliyetumikia miaka mingi, aliyeitwa kwa sababu ya gunia la mchele lililopungua ghalani. Kikao kizima kiliendeshwa kwa Kiingereza. Mwenyekiti alisoma tuhuma kwa sentensi ndefu zenye istilahi za kisheria, kisha akamuuliza kama ameelewa, na mzee, kwa adabu aliyolelewa nayo, ya kutomkatalia mkubwa mbele ya watu, akainamisha kichwa akasema, ndiyo, bwana. Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana, ila aliomba msamaha kama amewaudhi. Mimi nikaandika katika kumbukumbu kwamba mtuhumiwa amekiri kosa na kuomba radhi.

Hiyo ndiyo sentensi niliyoiandika, na kwa sentensi hiyo mzee yule aliondoka bila malipo yake ya miaka. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua neno kukiri. Nililichagua kwa kuwa ndilo lililozoeleka, na kwa kuwa kikao kilikuwa na mashauri mengine matano ya kusikilizwa kabla ya saa ya chakula. Kwa hiyo ninaposema kwamba kila kikao kiandike maneno ya mtu kama alivyoyatamka, kwa lugha aliyoyatamkia, kisha asomewe na aulizwe kama ndivyo alivyosema, na apewe nakala, nasema jambo ambalo nimelilipia kwa usingizi wangu. Tuna nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa Katiba hiyo hiyo, lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni sababu hata chembe ya kumhukumu mtu wa Kaloleni kwa lugha ambayo anaisikia redioni tu.

Nilimweleza mama yule wa Jericho yale aliyoweza kuyadai, na usiku ule, juu ya meza yangu ya kulia, tuliandika jibu pamoja na mwanawe. Halikuwa refu. Lilimwomba msajili aeleze ni siku gani na mahali gani kosa lilitendeka, ni kanuni ipi iliyovunjwa, ni nani anayeshuhudia, na ni lini kijana atasikizwa. Likataja Kifungu cha 47, na likaeleza kwamba nakala itapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za umma na ambayo haimtozi mlalamikaji hata shilingi. Tuliliandika kwa Kiingereza kwa ajili ya ofisi na kwa Kiswahili kwa ajili ya mama, kwa kuwa alisema hatatia dole gumba lake penye maneno asiyoyajua.

Asubuhi alikwenda nalo mwenyewe, akakataa kutoka dirishani mpaka nakala yake ilipogongwa muhuri wa kupokelewa. Wiki ya tatu hii inakwisha na jibu halijafika. Kijana huamka saa kumi za usiku kumsaidia mamake kuleta mboga kutoka Marikiti, akapanga meza, kisha huchukua madaftari yake akaenda kukaa mchana kutwa katika maktaba ya Makadara, akiyafuata masomo ambayo wenziwe wanayasikiliza darasani.